DIO0 haiendi D0

Jumapili iliyopita mpwa wangu alikaa kwenye meza yangu ya chakula tangu saa nne asubuhi. Mbele yake bodi mbili, furushi la nyaya za rangi rangi, na karatasi zangu nne nilizozibana kwa stepla: maelezo niliyoyaandika ya kuunganisha redio ndogo mbili za LoRa, moja itume ujumbe, nyingine ipokee. Mimi nilikuwa kwenye kochi, mdomo nimeufunga. Tulikubaliana hivyo tangu kwenye chai: yeye anafuata maelezo kama yalivyoandikwa, mimi siruhusiwi kusema neno wala kukunja uso. Kukunja uso ndiko kulikonishinda.

Saa sita kasoro akageuka.

"Anko, imegoma."

"Imegomaje?"

"JUU inasema inatuma. CHINI kimya."

JUU na CHINI ni majina tuliyoyaandika kwa kalamu kwenye selotepu ya karatasi tukabandika juu ya bodi, maana bila hivyo baada ya nusu saa hujui tena ipi ni ipi. Nikasogea. Kila waya ulikuwa mahali pake isipokuwa mmoja wa njano, uliotoka kwenye pini ya redio iliyoandikwa DIO0 ukaingia kwenye pini ya bodi iliyoandikwa D0.

"Huu umeuweka hapa kwa nini?"

"Si umeandika 'pini yoyote iliyo wazi'? Nikaona hii majina yanafanana, nikajua ndiyo yenyewe."

Nikachukua karatasi. Kweli, nimeandika hivyo, ukurasa wa pili, mstari wa sita. Na kijana hana kosa. Ukimpa mtu pini yenye jina DIO0 ukamwambia achague tundu, halafu kuna tundu linaitwa D0, atachagua lipi?

Tatizo ni hili. Redio ikishapokea ujumbe mzima huinua volti kwenye DIO0. Ndiyo inapiga hodi. Bodi ikisikia hodi huacha ilichokuwa inafanya na kwenda kusoma ujumbe. Sasa kwenye NodeMCU, ndiyo bodi tunayotumia, pini iliyochapwa D0 ndani ya chipu ya ESP8266 ni GPIO16, na GPIO16 ni kiziwi wa hodi. Unaweza kuiwasha, kuizima, hata kuisoma ukitaka, lakini haina uwezo wa kuikatiza bodi kazi yake. Redio ilikuwa imesimama mlangoni inagonga tangu saa tano, na aliye ndani hasikii.

Nirudi nyuma kidogo, maana hata hizo karatasi nne zina historia.

Kwa mama, Goba, nyumba nne zinatumia kisima kimoja. Kisima na pampu viko bondeni, tangi la lita 5,000 liko juu mlimani ili maji yashuke yenyewe. Kati yake ni kama mita 400, na katikati kuna mabati, miembe miwili mikubwa na ghorofa ya mtu ambayo haijaisha. Pampu ikiwashwa lazima mtoto mmoja apande akaangalie. Mtoto akipanda anakutana na wenzake, wanacheza, maji yanamwagika robo saa nzima, na luku inakimbia. Hilo limekuwa ugomvi wa kila wiki wa nyumba nne. Wi-Fi haifiki mita 400 kwa masharti yale, na moduli ya laini ya simu inataka vocha ambayo najua kabisa ni nani atakayeambiwa ainunue. LoRa ndiyo iliyofaa: inatuma maneno machache, inafika mbali, inatumia umeme kidogo.

Nikaenda Kariakoo, nikanunua moduli mbili za Ra-02, zile za Ai-Thinker zenye chipu ya SX1278 ya Semtech. Zilikuja kwenye kimfuko cha waridi, hakuna karatasi, hakuna kitu. Nikamuuliza muuzaji zinaunganishwaje. "Hii inakubali Arduino yoyote, bosi, ingia tu gugo." Sina ugomvi naye, naye aliuziwa hivyo hivyo.

Nikaingia gugo. Mchoro wa kwanza nilioupata ulionyesha Ra-02 na bodi ya Arduino Uno, waya kwa waya, rangi nzuri kabisa. Nikaufuata. Redio ikatuma ujumbe wa kwanza, wa pili, wa tatu, ikaganda. Nikaizima nikaiwasha. Minne, ikaganda. Nikabadilisha nyaya, nikabadilisha kompyuta, nikabadilisha moduli. Jumamosi ikaisha.

Mimi kazi yangu ya mchana ni kutengeneza mashine za fotokopi. Mwaka wa kumi na tisa huu. Kwa hiyo Jumatatu nikiwa nimepiga magoti mbele ya mashine ya ofisi fulani mjini, kitabu cha fundi kiko wazi sakafuni, ndipo kikanijia kile kinachonikera kwenye maelezo ya hizi redio. Kitabu cha fundi cha fotokopi kinaandikwa na watu wanaojua kwamba atakayekisoma ana haraka, jasho linamtoka, na mteja amesimama mgongoni. Mashine ikitoa namba ya kosa, unafungua ukurasa wa namba hiyo. Kinakwambia: weka mita kwenye kiunganishi hiki, pini hii na hii. Unatakiwa upate volti 24. Umepata? Nenda hatua ya tano. Hujapata? Nenda hatua ya tatu. Hakuna hatua hata moja inayokuacha bila kujua kama uko salama au umeshapotea.

Maelezo ya redio nayo yana hatua: unganisha hiki, pakia programu, fungua dirisha. Halafu? Hayasemi utaona nini. Kama ulikosea hatua ya pili utajua hatua ya tisa, na ukishafika hatua ya tisa makosa yamekuwa manne na yanafichana.

Lile la Uno kuganda, kwa mfano. Jibu lilikuwepo, limegawanywa kwenye nyaraka mbili zisizojuana. Maelezo ya Uno yanasema pini yake ya volti 3.3 inatoa miliampea 50, basi. Datashiti ya SX1278 inasema redio ikituma kwa nguvu ya dBm 17 inakula miliampea 87, na kwa dBm 20 inakula 120. Maktaba ya programu niliyotumia, Arduino LoRa ya Sandeep Mistry, usipoiambia kitu inatuma kwa dBm 17. Jumlisha mwenyewe. Redio inaanza kutuma, volti zinaporomoka, redio inazimika kidogo na kuamka imesahau kila kitu, na programu inakaa pale inasubiri kuambiwa "nimeshatuma" na mtu ambaye hakumbuki hata kama alitumwa. Aliyechora ule mchoro mzuri wa rangi pengine alijaribu mara mbili, ikakubali, akapiga picha.

Na hapo sijasema kuwa pini za Uno zinatoa volti 5, wakati SX1278 mwisho wake wa kufanya kazi ni 3.7. Moduli yangu ya kwanza haikufa. Lakini ni kama tairi uliyoipandisha kwenye ukingo wa barabara kwa kasi: inatembea, ila safari ya Morogoro huendi nayo. Ile nimeiacha iwe ya kufundishia.

Nikahamia NodeMCU, ambayo pini zake ni za volti 3.3 na regyuleta yake inabeba mzigo zaidi. Ikawa Jumamosi ya pili. Sasa haikuganda. Dirisha la maandishi la Arduino likawa linanionyesha "Sending packet: 0", "Sending packet: 1", namba zinapanda kama mita ya teksi za zamani. Upande wa pili hakuna kitu. Nikaenda kuoga, nikala, nikarudi, "Sending packet: 214". Upande wa pili hakuna kitu.

Mfano unaokuja na maktaba ile una mstari unaosema 915E6, yaani megahezi 915. Ra-02 ni ya 433. Niliona hilo usiku nikalibadilisha kwa mpokeaji, nikasahau kwa mtumaji, ambaye tayari alikuwa amepakiwa tangu mchana. Kosa langu, sikatai. Lakini nilikuwa najiamini kwamba kama masafa yangekuwa siyo yake programu ingelalamika, kwa sababu ina mstari wa kulalamika: "Starting LoRa failed!" Nikafungua maktaba ndani nisome inakagua nini kabla ya kulalamika. Inasoma rejista moja tu, yaani kisanduku kimoja cha namba ndani ya redio, 0x42, ambayo ni namba ya toleo la chipu. Ikipata 0x12 inasonga mbele. Masafa haiyaangalii kabisa. Ungeiambia masafa ya jirani ingekujibu sawa.

Ila kugundua hivyo kulinipa zawadi, kwa sababu ile 0x12 ndiyo volti 24 yangu. Ndiyo sehemu ya kuweka mita. Kabla hujatuma chochote, kabla ya antena, kabla ya bodi ya pili, unaweza kuuliza redio swali moja na ukajua kama nyaya zako ni nzima. Ukipata 0x12, mazungumzo kati ya bodi na redio yapo, na tatizo lolote litakalokuja liko mbele. Ukipata 0x00 au 0xFF, redio haijakujibu: anza na waya wa MISO (unaoleta majibu ya redio), kisha NSS (unaoiita redio), kisha pima umeme. Nyaya karibu zote zimekaguliwa kwa swali la sekunde moja. Kwenye kurasa zote nilizosoma zile wikendi mbili sikuona hata moja iliyonipa namba hiyo.

Ndipo nikaanza kuandika. Kwanza kwenye kaunta buku, baadaye kwenye kompyuta, nikachapa kazini (tona ilikuwa ya majaribio, bosi akisoma hapa ajue). Nilijiwekea sharti moja: kila hatua iwe na mstari wa pili unaoanza na maneno "Utaona". Nisipojua mtu ataona nini, hatua hiyo siijui, nikaijaribu upya. Sharti hili lilinitesa kuliko nilivyodhani. Kuna hatua kama tatu ambazo nilikuwa nazifanya kwa mazoea tu, na nilipotaka kuandika "Utaona" nikakuta mimi mwenyewe huwa siangalii kitu.

Lugha nayo ilikuwa na mambo yake. Nilitaka mpwa wangu asome Kiswahili, maana amemaliza kidato cha nne mwaka jana, Kiingereza anakisoma lakini anakisoma kwa adabu, kama mgeni, hathubutu kukibishia. Akisoma kitu kibaya kwa Kiingereza anadhani mjinga ni yeye. Kwa Kiswahili anasema "hapa umekosea, anko."

Rasimu ya kwanza niliitia Kiswahili cha taarifa ya habari. GND, pini ya hasi, nikaiandika "ardhi". Akaniuliza kwa utulivu kabisa kama inabidi tuchimbie nondo pale nje kama mafundi umeme wanavyofanya ethi. Nikafuta. Sasa nina kanuni: kitu kilichochapwa kwenye bodi kinaandikwa kama kilivyochapwa. GND inabaki GND, NSS inabaki NSS. Mtu anatafuta kwa macho, hatafuti kwa maana. Na kama bodi moja imeandika NSS na nyingine imeandika CS kwa pini ile ile, ninayaandika yote mawili, moja baada ya jingine, kwa sababu siwezi kujua ataipata ipi dukani. Kiswahili ninakiweka kwenye kazi ya pini: NSS ni "pini ya kumwita redio kwa jina", RESET ni "pini ya kumwamsha upya", DIO0 ni "pini ya hodi". Hiyo ya hodi aliitoa yeye. Mimi nilikuwa nimeandika "kikatizi", nikajisifu kabisa, akaniambia inasikika kama kifaa cha kukatia kucha.

Neno hodi likatufungulia jambo lililonisumbua muda mrefu. Kurasa nyingine zinasema DIO0 ni lazima, nyingine zinasema achana nayo, na zote zinadai zimejaribu. Zote zina haki. Mfano wa LoRaReceiver unafanya kazi kwa kuchungulia: kila mzunguko bodi inaenda mlangoni kuangalia kama kuna mgeni, hodi haihitaji. Mfano wa LoRaReceiverCallback umekaa sebuleni unasubiri hodi. Ukitumia wa kwanza, waya wa DIO0 hata ungekuwa umening'inia hewani usingejua. Ukitumia wa pili, waya huo ndio roho. Ukurasa wa maktaba yenyewe umelisema hili, na umesema pia kuwa pini utakayochagua lazima iweze kukatiza. Niliusoma mstari huo mara mbili, na bado nikaandika "pini yoyote iliyo wazi", kwa sababu bodi niliyokuwa nayo kichwani wakati naandika ilikuwa Uno na pini yake namba 2, ambayo inasikia hodi vizuri tu. Nilibadilisha bodi, sikubadilisha sentensi.

Nimerudi basi kwenye ile Jumapili.

Kukaa kimya ukimwangalia mtu anafuata maandishi yako ni adhabu. Unaona mkono unaelekea tundu siyo lake na huruhusiwi. Nilikuwa na daftari mapajani, kila alipositasita zaidi ya pumzi mbili ninaandika saa na mstari. Nilijaza kurasa mbili. Alisitasita kwenye picha, kwa mfano. Niliipiga moduli picha kwa chini, upande wenye maandishi ya pini, nikaona nimefanya la maana. Lakini yeye alikuwa ameishika bodi kwa juu, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwa picha. Aligeuza bodi, akageuza karatasi, akageuza kichwa. Dakika nne. Sasa nimeweka picha mbili, juu na chini, na kwenye zote mbili nimechora duara jekundu kwenye kitundu cha antena ili mtu aanze kuhesabu kutoka hapo.

Alisitasita pia kabla hata hajaanza, kwa sababu Ra-02 yenyewe tupu matundu yake yamepishana milimita 2, na bredibodi yetu (kibao cha kuchomeka nyaya bila kuchomelea) ni 2.54. Haiingii. Mimi nilikuwa nimeshaichomelea kwenye kibao cha kupanulia pini, nikasahau kuwa mwingine atanunua tupu kama nilivyonunua mimi. Sentensi moja ikaongezwa ukurasa wa kwanza: uliza dukani kama imeshachomelewa kwenye kibao.

Alipofika kwenye swali la 0x42, akaona 0x12 kwenye dirisha, akasema "ee!" kwa nguvu hadi mke wangu akatoka jikoni. Hapo nilivunja sharti, nilitabasamu.

Antena. Hili linanipandisha presha kwa hiyo nitalisema haraka. Redio hizi hazitakiwi kutuma bila antena, nguvu inayotoka ikikosa pa kwenda inarudi ndani. Kila mtu anajua, kila ukurasa unalisema, na karibu kila ukurasa unalisema mwishoni, baada ya programu, kwenye kiboksi cha njano. Mtu anayefuata hatua kwa hatua atakuwa ameshatuma mara mia kabla ya kulifikia hilo onyo. Kwangu antena ni hatua ya kwanza, kabla ya waya wowote, na programu ya kutuma haimo kwenye karatasi mpaka ukurasa wa tatu. Kama huna antena, kata waya: gawanya 300 kwa megahezi zako, jibu ni mita, ligawe kwa 4. Kwa 433 ni sentimita 17.3, na kwa kawaida ukiikata fupi kidogo zaidi inakaa vizuri. Tulipima kwa rula ya shule ya binti yangu.

Kuhusu masafa nimeandika aya moja tu kwenye karatasi lakini nimeizungushia mstari. Maelezo mengi yameandikwa na watu walioko Marekani, ndiyo maana 915 iko kila mahali: kwa mgawanyo wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, bendi ya 902 hadi 928 imewekwa kwa matumizi haya kwenye Kanda ya 2, ambayo ni mabara ya Amerika. Sisi tuko Kanda ya 1 pamoja na Ulaya, na bendi ya kanda yetu ni 433.05 hadi 434.79. Huku kwetu 890 hadi 915 ndiko simu za GSM 900 zinakotumia kuongea na minara. Anayepanga masafa nchini ni TCRA, kwa hiyo kabla hujaweka kitu juu ya paa kikaanza kutuma usiku na mchana, soma jedwali lao. Mfano uliokuja na maktaba hauwezi kukuruhusu kitu.

Jambo jingine nililolichukua kutoka vitabu vya fotokopi ni kuandika karatasi inahusu nini hasa. Juu kabisa ya ukurasa wa kwanza sasa pana: NodeMCU yenye ESP8266, Ra-02, maktaba ya Arduino LoRa toleo 0.8.0, na tarehe niliyojaribu. Ukiwa na bodi nyingine unajua mapema kuwa uko peke yako. Nimeshapoteza jioni nzima na maelezo mazuri sana ya bodi ambayo kumbe haikuwa ile niliyoishika, ilifanana tu rangi.

Baada ya chakula cha mchana nikaandika upya jedwali la pini. Hapo mwanzo RESET ilikuwa D2 na DIO0 haikuwa na kwao. Nikaona D0, kwa kuwa ni kiziwi wa hodi lakini inaweza kutoa amri, tuipe RESET. DIO0 iende D1. SCK D5, MISO D6, MOSI D7, NSS D8. Kwenye programu mstari ukawa LoRa.setPins(15, 16, 5), maana programu haijui majina ya D, inajua namba za ndani: D8 ni 15, D0 ni 16, D1 ni 5. Nikaweka na safu ya tatu kwenye jedwali inayoonyesha namba hizo. Nikachapa Jumatatu kazini, nikampa Jumanne.

Wikendi hii tulipanda Goba. JUU imefungwa kwenye kopo la plastiki pembeni ya tangi, na kihisi cha JSN-SR04T kinachungulia maji kutoka kwenye mfuniko. Kihisi hicho hakioni kitu kilicho karibu kuliko sentimita 20 hivi, kwa hiyo tangi "linajaa" sentimita 25 kabla ya kujaa, na sijali. CHINI iko kwenye kibanda cha pampu na taa nyekundu. Nyumbani mezani, mita 2, nilikuwa nasoma nguvu ya mawimbi kati ya -35 na -50 (kadiri namba inavyozidi kushuka chini ya sifuri, ndivyo mawimbi yanavyokuwa dhaifu). Kutoka mlimani hadi bondeni, kupitia miembe na lile ghorofa, nilisoma -97, na ujumbe mmoja tu ulipotea katika nusu saa. Nimeziandika namba zote mbili kwenye karatasi, mstari wa "Utaona". Mama aliiangalia ile taa muda mrefu, akauliza kama sasa yule mtoto hapandi tena. Nikasema hapandi. Akasema, "Basi atafutiwe kazi nyingine."

Lakini kabla ya hapo, wakati tunafunga kibanda, mpwa wangu alinikabidhi karatasi zangu, toleo la nne, zimekunjwa na zina doa la chai. Ukurasa wa pili amechora duara kwa penseli. Kwenye jedwali jipya nilikuwa nimeandika DIO0 iende D2. Programu inasema 5. Nilipohamisha RESET nilipaacha D2 pale pale kwenye karatasi, nikaiandika DIO0 pembeni yake.

Pembeni ya duara ameandika: "D2 ni 4. Nimegonga hodi nusu saa."